Taa Zinawaka, Breki Haziwaki

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Maisaka, mjini Babati, kuna jioni bodaboda nusura atuingie kwa nyuma. Baba alikuwa anaendesha Corolla yake ya zamani, tunatoka sokoni, akapunguza mwendo ghafla kupisha mbuzi. Tukasikia tairi inaburuzika, kisha kijana akasimama pembeni ya dirisha la Baba huku anahema.

"Shikamoo mzee. Lakini breki zako haziwaki!"

"Marahaba. Taa zangu zinawaka, nimeziangalia jana usiku."

Nilidhani mmoja wao anakosea. Kumbe wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Wengi wetu tunaazima gari la mzazi au kupanda la rafiki, na hakuna dereva anayeziona taa zake za nyuma akiwa kwenye usukani.

Globu moja, nyuzi mbili

Kwenye magari mengi yanayotumia globu za kawaida, taa ya usiku na taa ya breki ziko ndani ya globu moja. Ndani ya kioo kuna nyuzi mbili. Mmoja ni wa wati 5, unawaka ukiwasha taa za usiku. Mwingine ni wa wati 21, unawaka ukikanyaga breki. Ndiyo maana globu yenyewe imeandikwa 12V 21/5W. Gawanya wati kwa volti: uzi wa breki unavuta ampea 1.75, wa usiku unavuta takribani 0.4 tu. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake anaendelea kama kawaida, maana kila mmoja una njia yake ya umeme.

Hapo nikaona aibu kidogo. Sakiti sambamba nimezijibu kwenye mtihani tangu sekondari, na Mungu akipenda nitazifundisha, lakini sikuwahi kuigusa hata moja iliyo nyuma ya gari letu.

Tulivyofanya

Fundi mmoja alitaka shilingi elfu kumi. Globu dukani tuliipata kwa elfu moja na mia tano, na kazi haikumaliza robo saa.

Kwanza tujue tatizo liko wapi. Baba alikanyaga breki, mimi nikasimama nyuma. Kushoto: giza. Kulia ilikuwa inawaka, ila kioo chake kilijaa vumbi kiasi kwamba mwanga ulionekana kwa shida. Hilo lilihitaji kitambaa na maji tu. Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta jioni, kanyaga breki, uangalie mwanga mwekundu ukutani kupitia vioo.

Kisha tulizima gari na taa zote, tukasubiri globu ipoe. Kwenye gari lenye buti kama letu, unafungua buti na kuvuta kifuniko kilicho nyuma ya taa. Magari kama Noah, mara nyingi ukifungua mlango wa nyuma unakuta skrubu zilizoshika taa nzima; hapo utahitaji bisibisi. Kishikio cha globu unakizungusha kuelekea kushoto, kinatoka na waya zake. Globu yetu tuliisukuma ndani kidogo, tukaizungusha, ikatoka. Kuna nyingine hazizungushwi, unavuta tu moja kwa moja.

Nenda dukani na globu ya zamani mkononi. Usikubali ya uzi mmoja kwa sababu "inafanana". Aina ya kuzungusha yenye nyuzi mbili ina vipini viwili pembeni, kimoja kiko juu kuliko kingine, ili isiingie kinyume. Ikigoma usilazimishe, igeuze nusu mzunguko. Jaribu taa kabla hujafunga kifuniko.

Ikigoma kuwaka

Ukiona kutu kwenye kishikio, kisugue taratibu kwa msasa laini, taa zikiwa zimezimwa. Ukikanyaga breki halafu indiketa nayo inawaka kwa mbali, shuku ethi: umeme umekosa njia nzuri ya kurudi, unapita kwa jirani. Kama breki haziwaki pande zote mbili, anza na fyuzi, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Fyuzi mpya ikiungua tena, muone fundi umeme. Usifunge karatasi ya sigara wala kuweka fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi iliwekwa iungue yenyewe ili waya zisiungue.

Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na trafiki akikusimamisha kwa taa mbovu utatoa faini inayozidi sana bei ya globu. Lakini mimi nilikuwa nawaza barabara yetu. Babati mabasi na malori ya Arusha na Singida yanapita hapa, na tangu barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma izinduliwe mwaka 2018, ya kule nayo yanapita hapa. Yule wa bodaboda aliweza kukwepa. Lori lililobeba mahindi usiku lisingeweza.

Tulipomaliza, Baba alikanyaga breki, nami nikapiga kelele nyuma: "Zinawaka zote!"

"Una hakika?"

Akashuka, akaniambia nikakanyage mimi. Akasimama nyuma ya gari lake kwa muda, mikono kiunoni. Nikauliza kama niachie.

"Subiri kwanza, mwalimu," akasema. "Miaka yote hii sijawahi kuziona."