Mashine Humwinua Nani?

Wengi wetu twadhani ya kuwa kila mashine mpya ijapo humnyanyua mwenye ujuzi na kumwacha nyuma asiyekuwa nao. Hiyo ni nusu ya habari.

Zamani kuunda gari kulikuwa ni kazi ya mafundi hodari, waliokuwa wakisawazisha vyuma kwa tupa mpaka kila kipande kikae mahali pake. Henry Ford, katika kiwanda chake cha Highland Park huko Marekani, alileta mashine za kukata vyuma vilivyo sawasawa. Kisha mwaka 1913 akaifanya fremu ya gari imfuate mfanyakazi pale aliposimama. Fremu iliyokuwa ikiunganishwa kwa kazi ya saa 12 na nusu, mwaka 1914 ikawa yaunganishwa kwa saa 1 na dakika 33. Na waliofanya kazi hiyo aghlabu walikuwa wageni wasio na ufundi wowote! Ford mwenyewe aliandika mwaka 1922 kwamba asilimia 43 ya kazi za kiwandani mwake hazikuhitaji mafunzo ya zaidi ya siku moja. Basi hapo aliyezidishiwa nguvu ni yule asiyejua, na ujuzi wa fundi ukahamia ndani ya chuma.

Lakini kukaza msumari ule ule kutwa kucha ni adhabu. Watu walikimbia kazi hiyo, hata mwaka 1913 ikabidi kuajiri watu zaidi ya mara tatu ya idadi iliyohitajiwa. Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8. Wengine wameuita ukarimu. Mimi naona alilazimika.

Kompyuta ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1979 ilipotoka VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu, mhasibu akibadili tarakimu moja, zote zilizoitegemea zilijibadili zenyewe. Mhasibu akafanya kwa dakika chache kazi ya siku nzima; karani aliyekuwa akijumlisha tu, haja yake ikapungua.

Kwa hiyo mzazi anayemtafutia mwanawe kazi ya kujifunza asitosheke kuuliza kama ni kazi ya kalamu au ya nyundo. Karani yule alikuwa na kalamu. Na pale Highland Park, mafundi waliotengeneza zana na kurekebisha zile mashine za kukatia vyuma waliendelea kuhitajiwa, tena kwa ujuzi wao wote.