Njia Tatu za Jazi, Mwaka 1959

Charlie Parker alipofariki dunia mwezi wa Machi 1955, naye hajatimiza miaka 35, aliwaachia wanamuziki wa jazi wa Marekani urithi mzito. Kwani bibopu, mtindo alioulea pamoja na Dizzy Gillespie katika vilabu vya New York, ulikuwa umezijaza nyimbo kodi nyingi, yaani mafungu ya sauti tatu au nne zipigwazo kwa pamoja, nazo zikapokezana kwa kasi hata mpigaji asiye hodari akakosa nafasi ya kuvuta pumzi.

Wako waliotaka kuipoza kasi hiyo, kama Miles Davis, mpuliza tarumbeta, ambaye tangu 1949 alikwisha kukusanya watu tisa, tuba ikiwamo, wapige kwa upole. Na wako waliorejea kwenye bluzi na nyimbo za kanisani, kama Art Blakey, mpiga dramu. Lakini hao, kwa rai yangu, walibadili sura ya muziki, wala hawakuugusa msingi wake.

Msingi uliguswa 1959. Machi na Aprili ya mwaka huo Davis alirekodi sahani ya santuri iitwayo Kind of Blue, ambayo katika wimbo wake wa kwanza, So What, vipimo (yaani mafungu ya mapigo) 16 vya kwanza hukaa juu ya ngazi moja ya sauti, kisha 8 hupanda nusu sauti, na 8 vya mwisho hurejea pale pale, basi. Mpigaji aliyeondolewa mbio za kodi hana tena pa kujificha: yampasa abuni, papo hapo, lahani yenye maana. Huu ndio mtindo wa modali, na msikilizaji wa taarabu hatauona mgeni sana, kwani mpiga udi wa Unguja naye, katika taksimu, yaani upigaji wa kubuni wa peke yake, hutulia ndani ya maqamu, yaani ngazi ya sauti, moja na kuipekua pembe zake kabla ya kuhamia nyingine.

La ajabu ni kwamba John Coltrane, aliyepuliza saksafoni katika sahani hiyo hiyo, aliingia studio mwezi Mei kurekodi Giant Steps, wimbo uendao kinyume kabisa: kodi zaidi ya 20 katika vipimo 16, kwa mwendo ambao hata Tommy Flanagan, mpiga piano mahiri, asikika akisitasita zamu yake iwadiapo.

Njia ya tatu ilizusha mabishano. Novemba, Ornette Coleman alifika klabu ya Five Spot, New York, na saksafoni ya plastiki na wenzake watatu, pasipo piano, maana piano ndiyo imtangaziayo kila mtu kodi ya kufuata, naye alitaka lahani iongoze. Wengine walimsifu, wengine wakamwita laghai. Wadaio kwamba jazi huru, kama njia hiyo ilivyokuja kuitwa, haina utaratibu, nadhani hawajausikiliza wimbo wake Lonely Woman, ambao lahani yake ya huzuni yaweza kuimbwa na yeyote aliyeisikia mara mbili.

Coltrane mwenyewe hakukaa mbali na njia hiyo: Juni 1965, yule bingwa wa kodi alikusanya kundi la watu 11, yeye akiwa mmojawapo, wakarekodi Ascension, ambamo kodi zile alizokimbizana nazo miaka sita nyuma hazimfungi mtu tena, na wengi wa mashabiki wake wa zamani walishindwa kumfuata huko.