Ukumbi wa Majengo na Kisu cha Mkobani

Kila muhula wa pili unapokaribia ukingoni, wazazi wenye watoto katika shule za bweni hupungukiwa na usingizi. Sisi tukaao mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako watoto wengi husoma shule za kutwa, nasi hatujasalimika. Huku mabweni ya kuchomwa ni machache, lakini upo ugomvi uanziao darasani ukamalizikia kituo cha matatu, na visu vipo.

Mama mmoja alinijia baada ya darsa ya wanawake, akafungua gazeti alilolikunja. Ndani mlikuwa na kisu cha jikoni alichokikuta katika mkoba wa mwanawe wa kidato cha pili. Alipomhoji, kijana alimjibu kwamba hakukusudia kumchoma mtu. Alitaka tu aonekane nacho. Mama alitaka dua, na dua nilimpa. Lakini neno lile la kuonekana limenikaa moyoni. Mtoto afikaye hadi ya kubeba chuma ili aonekane, nyumbani anaonwa na nani?

Barazani jawabu huwa tayari: bakora imeondolewa. Jawabu hilo halisimami mbele ya tarehe. Bakora ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Maafa ya St. Kizito huko Meru, wavulana walipovamia bweni la wasichana na wasichana 19 wakafa, yalitokea Julai 1991. Viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walifungiwa chumbani wakachomwa moto mwaka 1999. Bakora ilikuwapo, tena ikifanya kazi mchana kutwa. Simu nazo hubebeshwa lawama, na sehemu yake zinayo, kwani matusi ya asubuhi hufika shule ya jirani kabla ya adhuhuri. Ila wale wa mwaka 1991 hawakuwa na simu mifukoni.

Natazama makazi kwanza. Pumwani ilipoanzishwa mapema katika miaka ya 1920, waliohamia wengi walikuwa Waislamu waliotoka katika vijiji vilivyobomolewa. Wenzao wa Pangani walifuata baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1930, wakapelekwa Shauri Moyo. Wazee wale wa Majengo walijenga kwa ramani tuijuayo sisi watu wa pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Wenye nyumba si haba walikuwa wanawake. Bibi mwenye nyumba akiketi mlangoni na mbuzi yake ya kukunia nazi, hapana mtoto aliyepita asijulikane ni wa nani, atoka wapi na kwa nini hakwenda chuoni. Kosa la mtoto lilifika nyumbani kabla yake. Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Pombe ilikuwapo, na ufuska, na wizi. Anayeisifu Majengo kupita kiasi hakuijua. Lakini macho yalikuwapo.

Mpango wa Dandora ulipoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mtu alipewa kiwanja ajijengee mwenyewe. Vyumba vikapangishwa, ghorofa zikapanda, na leo Kayole, Umoja na Pipeline mpangaji hujulikana kwa nambari ya mlango na tarehe ya kodi. Mama hutoka kabla ya alfajiri kwenda kwa miguu hadi Eneo la Viwanda kutafuta kibarua. Ufunguo huachiwa mtoto. Shuleni nako, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, neema isiyo na shaka, madarasa yalifurika hata mwalimu akashindwa kuyashika majina. Basi tangu kengele ya jioni hadi isha, anayemwita kijana kwa jina lake ni genge la pembeni mwa barabara. Tena humpa la pili, la sifa, na cheo juu yake. Kisu ni ada ya kuingilia.

Wapo wazazi wanaokimbilia bweni wakidhani huko kuna macho. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni lenye vyuma madirishani, mlango mmoja ukiwa umefungwa. Sisi wa pwani tunaikumbuka Bombolulu ya Kwale, mwaka 1998, wasichana zaidi ya 20. Na hapa hapa Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10 walikufa katika Shule ya Wasichana ya Moi, na mahakama ikamtia hatiani mwanafunzi mwenzao. Kufuli huzuia miili; halimwoni aliyekosa usingizi kwa hasira.

Luqman alipomwusia mwanawe, wasia ulifika hadi namna ya kutembea na kiasi cha sauti. Hayo huyajui kwa mtoto usiyemwona akitembea wala kumsikia akizungumza. Dada zangu, simwambii mama wa kibarua aache kazi. Watoto watakula nini? Nasema na wale wanaokuwa nyumbani jioni, na kamati za misikiti. Misikiti kadhaa ya mitaa hii hufungwa kati ya alasiri na magharibi kwa kuogopa wezi wa viatu. Wafungue, awekwe mtu mzima wa zamu, mwenye meza, chai na daftari la majina. Kijana akikosa siku mbili, aulizwe kwao. Muhula wa pili hufungwa Agosti, na zamu ya kwanza yafaa ipangwe kabla ya hapo.