Hesabu Ipi kwa Binti Yako?

Binti yetu alipokuwa kidato cha nne alitamani uhandisi wa majengo. Lakini aliogopa Hesabu, akajaza PCB, akatuambia huko nako Hesabu zipo. Nasi, kwa kutojua, tukakubali.

Akina mama, Hesabu za kidato cha tano si za namna moja. Wa PCM, PGM na EGM husoma Hisabati ya Juu, ambayo ni mojawapo ya masomo yao matatu makuu. Wa PCB, CBG na HGE husoma ile ya msingi, BAM, isiyohesabiwa katika masomo makuu. Anayetoka kidato cha sita akitaka shahada ya uhandisi huulizwa Fizikia na Hisabati ya Juu. BAM haitamfaa hata akiifaulu vizuri. Udaktari, kwa upande wake, hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Basi tukae na watoto wetu kabla fomu haijajazwa. Kwanza tuulize: anataka kusomea nini chuoni? Kisha tusome masharti ya kozi hiyo katika mwongozo wa TCU, ndipo tuchague tahasusi.

Na tukikosea? Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI imekuwa ikitoa muda wa kubadilisha. Sisi tuliutumia. Binti alilia siku ile, tukamtafutia mwalimu wa jioni, akaingia PCM. Hofu ya somo hutibika. Miaka miwili iliyopotea hairudi.