Kanyabayonga: « Produit » moja, maana tatu darasani

Sokoni Kanyabayonga, « produit » ni bidhaa. Kwenye hesabu, ni jibu la kuzidisha. Kwenye kemia, ni kitu kipya kinachopatikana vitu vinapochanganywa na kubadilika. Mwanafunzi anayejua maana moja tu anakosa swali, hata kama somo analielewa.

Katika mji huu wa kusini mwa Lubero, watoto wengi wanaongea Kinande na Kiswahili nyumbani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa katika shule ya msingi. Lakini sekondari wanafundishwa kwa Kifaransa, na Exetat inafanywa kwa Kifaransa.

Kazi hii haiwezi kuachiwa mwalimu wa Kifaransa peke yake. « Justifier », yaani kutoa sababu, na « comparer », kulinganisha, yanarudi katika kila somo. Kila mwalimu anaweza kuandika maneno matatu ubaoni, kuyaeleza kwa Kiswahili, kisha wanafunzi wayatungie sentensi za Kifaransa.

M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilikimbia na masomo yakakatika. Daftari ndogo ya maneno, mtoto anaweza kukimbia nayo.