Je, Wajua? Plagi Inayoingia Si Lazima Iwe Plagi Sahihi

Gari dogo la petroli likitoka Ihembe kwenda Bukoba, injini ikizunguka wastani wa mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche 1,500 kwa dakika. Katika saa mbili za mwendo hizo ni cheche 180,000. Kila moja inatakiwa itokee kwa wakati wake, ndani ya silinda ambamo gesi inayoungua huzidi sentigredi 2,000. Kifaa kinachobeba mzigo huo kinaenea kwenye kiganja cha mkono, na wengi wetu tukienda dukani kukinunua tunauliza bei tu.

Fuso zinazopakia ndizi na Land Cruiser za dizeli hazihusiki hapa. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na plagi unazoziona kwenye baadhi ya injini hizo ni za kupasha joto wakati wa kuwasha. Plagi ya cheche ni ya petroli: bodaboda, Probox, IST, Noah, jenereta ndogo, pampu ya kumwagilia shamba.

Betri ya gari ina volti 12 tu. Umeme huo hauwezi kuruka hewani, kwa hiyo koili huupandisha hadi volti 20,000 na zaidi, wakati mwingine hata 40,000. Unashuka kupitia katikati ya kauri nyeupe, ambayo kazi yake ni kuuzuia usitorokee kwenye chuma kabla haujafika chini. Huko chini kuna ncha mbili, ya katikati na ya pembeni iliyopinda, na kati yao uwazi ambao kwa magari mengi ni milimita 0.7 hadi 1.1. Umeme ukiruka uwazi huo, petroli inashika moto na pistoni inasukumwa. Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme kwenye injini yake ya gesi huko Ufaransa mwaka 1860, lakini plagi ya kutegemewa, pamoja na magneto ya volti kubwa, ilipatikana mwaka 1902 kwa kazi ya Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch mjini Stuttgart.

Dukani utatajiwa aina tatu: za kawaida, za platinamu na za iridiamu. Zile za kawaida watu wengi huziita za kopa. Ni kweli shaba imo, ila imefichwa ndani kwa ajili ya kuondoa joto haraka. Shaba huyeyuka kwenye sentigredi 1,085 na ni laini, isingedumu ikiwekwa wazi mbele ya moto. Ncha yenyewe ni mchanganyiko wa nikeli. Madini hayo mkoa wetu wa Kagera unayo: Kabanga, wilayani Ngara, kuna moja ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo bado hazijaanza kuchimbwa kibiashara. Platinamu huvumilia hadi sentigredi 1,768, na iridiamu hadi 2,446. Sehemu kubwa ya iridiamu ya dunia hutoka Afrika Kusini, ikipatikana pamoja na platinamu.

Kwa sababu iridiamu ni ngumu sana, ncha yake inaweza kuchongwa iwe nyembamba, milimita 0.4 hadi 0.6, wakati ya nikeli huwa karibu 2.5. Ncha nyembamba hurusha cheche kwa volti pungufu, na haiishi upesi. Plagi ya nikeli kwenye gari hutarajiwa kwenda kilomita 20,000 au zaidi kidogo. Zile za iridiamu zilizotengenezwa kwa maisha marefu hufika 100,000. Angalia maneno hayo, zilizotengenezwa kwa maisha marefu. Ziko za iridiamu ambazo ncha yake ya pembeni bado ni ya nikeli. Hizo hulika upande mmoja, na hazifiki mbali hivyo.

Hata hivyo, madini hayaniumizi kichwa kama suala la joto, na hapa ndipo injini nyingi zinaponyanyasika. Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya sentigredi 450 na 850 hivi. Ikiwa chini ya hapo, masizi yanajikusanya, kwa kuwa hakuna joto la kuyaunguza. Ikiwa juu ya hapo, ncha inawaka nyekundu na kuwasha petroli kabla ya cheche, na pistoni inaweza kutoboka. Ndiyo maana kuna plagi za moto na plagi za baridi. Majina hayo hayahusu ukali wa cheche. Plagi ya moto ina pua ndefu ya kauri, kwa hiyo joto husafiri mbali kabla ya kuingia kwenye chuma cha injini, na ncha hubaki na joto. Ya baridi ina pua fupi, joto linatoka haraka. Injini inayofanya kazi nzito kwa muda mrefu inahitaji ya baridi zaidi. Inayokwenda polepole, ikisimama kila mara kushusha abiria, inahitaji ya moto zaidi.

Habari yote hiyo imeandikwa kwenye plagi yenyewe. Chukua K16R-U11 ya Denso, ambayo imefungwa kwenye Toyota nyingi ndogo zilizoko barabarani kwetu. K inakueleza unene wa uzi, milimita 14, na urefu wa uzi, milimita 19, pamoja na spana ya 16. Hiyo 16 inayofuata ndiyo kipimo cha joto. R ni rezista ya ndani, inayozuia cheche kuvuruga kompyuta ya gari na kuleta mikwaruzo unaposikiliza Redio Fadeco. U ni mfereji uliochongwa kwenye ncha ya pembeni, na 11 ni uwazi wa milimita 1.1. NGK, kampuni iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1936, ina namba zake: 5 yao inakaribiana na 16 ya Denso, na 6 yao na 20. Kwa kampuni hizo mbili, namba ikipanda plagi inakuwa baridi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto. Anayebadilisha kampuni bila kutazama jedwali la ulinganisho anaweza kwenda upande usiotakiwa kabisa.

Urefu wa uzi nao si wa kuchezea. Plagi ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongwa na pistoni. Fupi huiacha cheche imejificha shimoni, na uzi uliobaki wazi hujaa kaboni, hata siku ya kurudisha plagi sahihi inakuwa taabu kuifunga.

Sasa ifungue plagi na uitazame kabla hujaitupa. Ikiwa kavu na rangi yake ni ya buni iliyoanza tu kukaangwa, injini iko salama. Nyeusi na kavu ni masizi: petroli imezidi hewa. Kwetu sababu hiyo ina mizizi miwili. Wa kwanza ni vumbi la barabara za changarawe, ambalo wakati wa kiangazi huziba chujio cha hewa upesi mno. Wa pili ni mwinuko. Sehemu nyingi za Karagwe ziko mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na huko hewa imepungua kwa takribani asilimia 14 ukilinganisha na pwani. Gari lenye mfumo wa kompyuta hujirekebisha lenyewe, lakini pikipiki ya kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humimina petroli kupita kiasi mpaka fundi aipunguze. Ukibadilisha plagi bila kugusa chujio wala kabureta, mpya nayo itakuwa nyeusi baada ya muda mfupi.

Nyeusi yenye ulowevu wa oili ni habari nzito zaidi: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto kupita kiasi, pengine hewa inaingia pasipostahili au plagi ni ya moto mno. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huacha masizi na kuifanya injini igonge. Uchakachuaji huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya.

Plagi bandia ziko sokoni, na za iridiamu ndizo zinazoigwa kwa pupa kwa sababu bei yake ni kubwa. Tazama maandishi kama yamekolea, ncha ya pembeni kama imekaa katikati, na ringi ya kubania kama inachomoka kirahisi. Kwa maoni yangu, plagi halisi ya nikeli yenye namba sahihi ni bora mara nyingi kuliko iridiamu ya kubahatisha. Ukishapata iliyo halisi, usiruhusu msasa wala brashi ya waya kuigusa ncha ya iridiamu, wala isibanwe ili kurekebisha uwazi, kwani huvunjika. Na plagi mpya yenye ringi ianze kuingizwa kwa mkono hadi igote, ndipo spana iongeze nusu mzunguko hivi. Injini iwe imepoa. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na uzi wake ukiharibika gharama huzidi mara nyingi bei ya plagi.

Kabla ya kwenda Kayanga au Omurushaka kununua, fungua kitabu cha gari lako, nakili namba ya plagi iliyoandikwa humo, kisha mwambie muuzaji akupe hiyo. Akikuletea nyingine akasema zote ni sawa, irudishe.