Arumeru: Maji kwanza, vifaranga baadaye

Wakulima wengi wanaoanza kufuga samaki hupata hasara siku za mwanzo kabisa, kabla hata hawajamaliza gunia la kwanza la pumba. Bwawa linachimbwa, linajazwa maji, vifaranga wanamiminwa wiki hiyo hiyo, na baada ya siku chache wanaonekana wakielea matumbo juu. Lawama zote humwangukia aliyewauza. Mara nyingi aliyewaua ni maji yenyewe, na kwa wakulima wa kuzunguka Mlima Meru hatari hiyo ni kubwa kuliko mahali pengi.

Meru ni mlima wa volkano. Maji yanayopita katika miamba yake hubeba magadi na floridi, na wenyeji wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki hawahitaji maabara kuambiwa hivyo, kwani alama ya floridi wanayo kwenye meno. Kwa mfugaji wa samaki kinachotakiwa kuangaliwa kwanza ni magadi, kwa sababu ndiyo yanayopandisha pH ya maji. Perege ni samaki mgumu na anavumilia magadi kuliko samaki wengi. Wapo hata jamaa zake wadogo wanaoishi kwenye chemchemi za pembezoni mwa Ziwa Natron. Kinachomshinda perege ni magadi yanapokutana na amonia.

Amonia hutoka katika samaki wenyewe na katika chakula kinachooza chini ya bwawa. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki hata asilimia 1. Maji hayo hayo yakifika pH 9, sehemu hiyo hupita theluthi moja. Kwa hiyo idadi ya samaki na kiasi cha pumba ambacho mfugaji wa mkoa mwingine anakitumia bila shida kinaweza kuua bwawa zima huku. Bwawa la zamani lina bakteria wanaoigeuza amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Bwawa jipya bado halina bakteria wa kutosha, na kuwangoja ni suala la wiki kadhaa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupima. Karatasi za kupimia pH si ghali, na ni vyema kupima mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kwa kuwa maji ya kijani hupanda pH jua linapowaka. Kipimo kikibaki kati ya 6.5 na 9, kazi inaweza kuendelea. Kikizidi hapo, ni afadhali kutafuta mfereji mwingine kabla ya kutumia fedha zaidi. Mito miwili inayotoka mlima huo huo inaweza kuwa na maji tofauti kabisa. Anayetaka kuchepusha maji ya mto aulize pia kuhusu kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana majirani wa chini nao wana mashamba.

Vijitabu vingi vinamwelekeza mkulima kumwaga chokaa kwenye bwawa jipya. Ushauri huo ni wa udongo wenye tindikali. Kuongeza chokaa kwenye maji ambayo tayari yana magadi ni kujitafutia balaa. Tahadhari hiyo inawahusu pia wanaojenga mabwawa ya saruji kwa sababu udongo wa volkano unavujisha maji. Saruji mpya hutoa chokaa, hivyo bwawa lijazwe, likae siku kadhaa, maji yamwagwe, na kazi hiyo irudiwe mpaka kipimo kitulie. Mwenye kutumia maji ya bomba mjini ayaache wazi siku moja au mbili ili klorini itoke.

Baada ya hapo huwekwa samadi kidogo kidogo, katika kizimba kilichojengwa kwenye kona ya bwawa. Maji yakianza kuwa ya kijani, mfugaji azamishe mkono wima akiwa amekunja kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula cha asili kimetosha. Kikipotea mapema zaidi, samadi imezidi na isimamishwe.

Majira nayo yana uzito wake. Jiji la Arusha liko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai humfanya perege aache kula vizuri. Anayepandikiza mwezi Mei atalisha miezi miwili bila kuona ukuaji. Afadhali kuanza Agosti ikiishia au Septemba, ili samaki wapate miezi yote ya joto. Wa Mbuguni na Usa River wana nafuu, lakini waliopanda juu mlimani wajiandae kusubiri zaidi ya ile miezi sita hadi minane inayotajwa kwenye semina.

Vifaranga wakisafirishwa kutoka mbali, kama kituo cha serikali cha Kingolwira, Morogoro, zaidi ya kilometa 500, wasafiri usiku katika mifuko yenye oksijeni, na wasilishwe siku moja kabla ya safari. Mifuko ielee bwawani kwa dakika ishirini au thelathini, kisha maji ya bwawa yaingizwe taratibu. Hapa ndipo haraka inapogharimu watu. Samaki aliyelelewa kwenye maji laini akitupwa ghafla kwenye maji ya magadi hufa hata kama maji hayo yangemfaa baadaye.

Bwawa la mita 10 kwa 15 linatosha vifaranga 300 wa kuanzia, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Tamaa ya kuweka 1,000 ndiyo inayoleta amonia. Wiki ya kwanza chakula kiwe kidogo, na kinachobaki baada ya robo saa ni ishara ya kupunguza.

Kambale huingia baadaye, perege wakishakua, naye awe mdogo kuliko wao. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, na bila kambale wa kula watoto, bwawa hujaa visamaki visivyo na soko. Kambale mmoja kwa perege kumi hadi ishirini anatosha. Konokono wanaojitokeza kingoni wasichukuliwe kuwa wasafishaji, kwani baadhi yao hueneza kichocho. Nyasi za kingoni zifyekwe.

Hapo ndipo floridi inaporudi. Katika samaki hukaa zaidi kwenye mifupa, na kituo cha Ngurdoto kinatumia sifa hiyo hiyo kuchuja maji ya kunywa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Samaki aliyekuzwa kwenye maji yenye floridi nyingi auzwe akiwa mkubwa, wa kuliwa mnofu. Visamaki vya kukaangwa na kutafunwa na mifupa yake visitoke kwenye bwawa la namna hiyo, hasa kwa ajili ya watoto.